Duka la Kufungia Zawadi, Kibokoni

Ndugu yangu mkubwa aliponiuliza ni nani katika mji huu atakayetoa pesa ili kitu chake kifunikwe, nilimjibu kwamba watu watatoa. Huo ndio uliokuwa mpango wangu wote wa biashara. Tulikuwa tumekaa katika chumba cha chini cha nyumba yetu ya Kibokoni, chumba ambacho marehemu babangu alikuwa akishonea magodoro ya sufi, na mamangu alikuwa kwenye kitanda chake karibu na mlango, akitusikiliza kama mtu ambaye mazungumzo hayamhusu. Yalimhusu yeye kuliko sisi sote.

Mambo yalikuwa hivi. Ndugu yangu alikuwa amekipatia chumba kile mpangaji, bwana mmoja anayewauzia watalii vinyago karibu na Ngome ya Yesu, naye alitaka ghala. Ndugu yangu si mtu mbaya. Anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo huko Mbaraki, na mtu akitoa mizigo miaka mingi huanza kukiangalia kila kitu kwa nafasi kinayokalia. Alisema Mama apandishwe ghorofa ya pili, kuna upepo, kuna choo karibu, hakuna vumbi la njiani. Yote yalikuwa kweli. Lakini magoti ya mamangu yalikuwa yamekwisha, na ngazi za nyumba zetu za zamani zilijengwa na watu ambao, nadhani, hawakutarajia kuzeeka. Mama akipanda ilikuwa hashuki tena, ila kwa kubebwa.

Na mamangu tangu magoti yamshinde alikuwa akiishi mlangoni. Mtaa mzima ulipita pale, na hakuna aliyepita bila kuamkuana naye. Kuamkuana na mamangu si jambo la kufanya huku unatembea. Atakuuliza hali yako, ya mamako, ya mtoto mwenye pumu, ya shangazi aliyeposwa, ya dari inayovuja, na akifika mwisho ataanza upya kwa yale aliyoyasahau. Huko ghorofa ya pili angeamkuana na kunguru.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kwisha, nina mikono miwili na sina kazi. Nikasema chumba nakitaka mimi, nitakifanyia biashara. Ndugu yangu akanipa muda mpaka Ramadhani. Isipolipa, vinyago vinaingia na Mama anapanda.

Watu huuliza kwa nini nilichagua kufunga zawadi. Nilichagua kwa kutoa moja moja. Viazi karai vina moshi, na Mama alikuwa na kifua. Cherehani ina kelele. Saluni ina maji sakafuni, na mtu asiye na magoti hahitaji sakafu yenye maji. Nilihitaji biashara ambayo mama mzee anaweza kukaa katikati yake siku nzima bila kudhurika na bila kuidhuru. Sehemu ya pili nilikosea, lakini hayo nitayaeleza.

Nilikwenda Biashara Street kununua karatasi. Huko kuna bwana mmoja wa Kihindi, Muislamu mwenzetu, ambaye familia yake imeuza tepe na lesi tangu babu zake, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha wajukuu zetu. Nilimweleza nia yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza chai, kisha akaniambia kwa upole kwamba karatasi ni biashara, tepe ni biashara, lakini kufunga si biashara, kwa sababu kila mtu ana mikono. Mkewe mwenyewe hufungia zawadi ukoo mzima, wala hajawahi kudai shilingi. Nikamuuliza je, anazifunga vizuri? Akafikiri. Akasema la. Basi nikamwambia aniuzie karatasi. Aliniuzia nyingi sana kwa mtu ambaye alikuwa hakubaliani nami.

Duka likafunguliwa. Nilipaka chokaa, nikaweka meza ndefu, nikapanga karatasi kwa rangi. Sufi ya babangu ilikuwa bado imejificha katika nyufa za ukuta, na kila upepo ukivuma ilitoka na kujibandika kwenye selotepu. Zawadi za mwanzo zote zilitoka dukani kwetu zina manyoya kidogo.

Wateja wa mwanzo hawakuwa wateja. Kuna walioniuliza njia ya kwenda Ngome ya Yesu, ambayo ukiinua uso unaiona. Kuna waliotaka kutoa fotokopi. Kuna kijana aliyeingia, akatazama rafu zote kwa makini, akauliza tunauza nini. Nikamwambia hatuuzi kitu, wewe ulete kitu tukufungie. Akaniangalia kwa huruma, akamwamkua Mama, akatoka.

Waliokuja kweli walikutana kwanza na mamangu. Hapo ndipo sehemu ya pili ilipoharibika. Mteja akiingia na kitu chake, Mama alimkaribisha kwenye kiti, akamuuliza zawadi ni ya nani, na huyo nani ni nani kwao, na huyo naye aliwapa nini walipozaliwa watoto wao, na kitu chenyewe ki wapi tukione. Kisha alitoa maoni. Bwana mmoja alileta mzani wa kupimia uzito, akitaka kumfungia mkewe kwa sababu amejifungua salama. Nilikuwa nimeshakata karatasi. Mama akamwambia kwa sauti ya chini, kama daktari, aurudishe dukani alikoutoa, anunue khanga, tena doti mbili. Bwana yule aliondoka na mzani wake chini ya kwapa, akishukuru. Hatukupata kitu. Siku ya pili alirudi na khanga, ila hakutaka zifungwe, kwani Mama alimwambia khanga mpya haina haja ya karatasi.

Nilimwambia Mama anafukuza riziki. Akasema riziki haifukuzwi na neno la kweli. Nikamwambia ya kwetu inafukuzwa, mimi naiona ikienda.

Kulikuwa na faida moja ambayo sikuitarajia. Kwetu mtu hafungui zawadi mbele ya aliyemletea, ataonekana ana pupa. Ataipokea, atashukuru, ataiweka kando. Na zawadi iliyofungwa vizuri kweli, yenye ua la utepe juu, mtu huona hasara kuichana. Basi huiweka juu ya kabati. Akialikwa harusini na hana kitu, huishusha. Nilianza kuona kazi zangu mwenyewe zikirudi dukani, kona zimechakaa kidogo, wenyewe wakitaka tu nibadilishe ua na kadi. Kuna boksi moja la bilauri lililopita mikononi mwangu mara kadhaa, na kila aliyelileta hakujua ndani mna nini. Mama alijua. Alilijua kwa mlio, akilitikisa karibu na sikio, na hakumwambia mtu. Kazi hii ya kubadilisha maua ndiyo iliyolipa umeme.

Ndugu yangu alipita kila asubuhi akienda Mbaraki. Anakaa na mkewe mtaa wa pili, Kuze, na ana pikipiki. Alisimama mlangoni, hakuizima, aliipunguza tu, akamwamkua Mama kwa sauti ya juu, Mama akamjibu kwa sauti ya juu, kisha akaniuliza mimi biashara vipi. Nikasema alhamdulillahi. Akasema alhamdulillahi si hesabu, akaenda zake. Ukweli ni kwamba duka lilikuwa halilipi hata karatasi, na mwezi wa mlisho, ule wa mwisho kabla ya Ramadhani, ulikuwa umeingia. Usiku nililala nikimwona mamangu dirishani ghorofa ya pili, akiangalia mabati.

Ndipo likaja begi.

Kwetu, kabla ya harusi, upande wa bwana harusi humpelekea bibi harusi begi: nguo, viatu, manukato, sabuni, vitana, na kwa wenye uwezo, dhahabu. Siku ya kulipeleka, wanawake wa pande zote mbili huketi, na mwanamke mmoja anayeijua kazi hiyo husimama na kuinua kitu kimoja kimoja juu kila mtu akione, na kila kikiinuliwa hupigwa vigelegele. Familia moja ya kutajika ilinijia na begi lao. Si begi, mabegi. Dada wa bwana harusi anaishi Uarabuni, alikuwa amekuja na simu yenye picha, na katika picha kila kitu kilikuwa kimefungwa peke yake, kila kitu na ua lake. Aliuliza kama naweza. Nilisema naweza. Malipo aliyoyataja yangemnyamazisha ndugu yangu mpaka Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita.

Mama alisubiri mteja atoke. Akaniambia, "Mwanangu, begi hupangwa, halifungwi. Watu waenda kuona."

Nikamwambia dunia imebadilika. Akasema haya. Katika nyumba yetu neno hilo halijawahi kuwa na maana ya kukubali, na mimi nililijua hilo tangu utotoni, nikaendelea kukata karatasi.

Nilifunga kila kitu. Sitii chumvi. Sabuni zilikuwa ndani ya boksi, nikazitoa nikafunga kila moja. Kila kiatu kilifungwa mbali na mwenzake. Kwa fahari ya kazi nilitumia selotepu ile nzuri, isiyoachia. Dhahabu niliifunga mwisho, katika karatasi nzuri kuliko zote, na kwa kuwa ilikuwa ndogo niliiweka chini kabisa isipondwe. Mpaka leo sijawahi kufanya kazi iliyo nzuri kama ile.

Nilialikwa, nikaketi nyuma. Mabegi yalifunguliwa, na rangi zilipoonekana vilipigwa vigelegele vya kweli, nikajiona nimefika. Kisha yule mwanamke wa kuinua, ambaye ameinua mabegi ya nusu ya mji huu, akachukua kifurushi cha kwanza, akakigeuza, akatafuta pa kuanzia. Hakuona. Akatumia kucha, akatumia meno. Wanawake walikaa na vigelegele tayari mdomoni. Alipofika ndani akainua juu sabuni.

Vigelegele vilipigwa, si vingi. Akachukua cha pili, akahangaika nacho vile vile. Sabuni. Cha tatu kilikuwa kiatu, na mwenzake hakuonekana, na mtu mmoja upande wa bibi harusi akauliza kwa adabu kama amenunuliwa kimoja tu. Jasho lilimtoka yule mwanamke. Likatafutwa kisu. Karatasi zilirundikana mpaka magotini mwake, na waliokuwa wakitazama walianza kuzungumza mambo yao ya bei za nyama. Kisha ikaadhiniwa alasiri. Wengine waliinuka kuswali, wengine walikumbuka vyungu vyao, na kila mmoja aliaga kwa heshima zote. Dhahabu ilikuwa bado iko chini. Ilipofika magharibi mji mzima ulikuwa umeshajua kwamba watu wale wa kutajika wamepeleka sabuni.

Mamake bwana harusi alikuja kesho yake asubuhi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamwamkua Mama, wakaulizana hali mpaka zikaisha, kisha akasema hajawahi kuaibika hivyo tangu azaliwe, na angependa kujua ni nani aliyewaza kufunga sabuni moja moja. Pesa nilikuwa nimeziweka tayari nimrudishie. Nilifungua mdomo niseme ni mimi.

"Ni mimi," mamangu akasema. "Huyu alikataa, nikamshikilia. Uzee, mwanangu, waondoka na akili kabla ya miguu."

Nikamwangalia. Hakuniangalia. Yule mama alikuwa amekuja na maneno ya kunipasulia mimi, na sasa alikuwa mbele ya mwanamke mwenye umri wa mamake, miguu imevimba, ameomba radhi. Maneno yale hakuwa na la kufanya nayo. Aliyameza, akauliza juu ya miguu. Akashauri mafuta ya mwarubaini. Alipotoka nililia, kwa aibu na kwa mapenzi, na Mama akaniambia nifagie sufi.

Kisha akaanza kazi. Sikuelewa mwanzo anafanya nini. Kila aliyepita mlangoni aliamkuliwa kama kawaida, hali ya mamako, hali ya mtoto, na katikati ya hali ya mtoto Mama aliingiza mkufu. Alisema unaonaje wale watu wameleta mkufu wa namna ile na wakauweka chini kwa kutotaka kujionyesha, ndiyo adabu za watu wa zamani hizo. Aliyefuata alipewa bangili. Muuza kahawa alipewa herini, na muuza kahawa anafika mbali. Mama alilifungua upya lile begi kitu kimoja kimoja, akiwa amekaa kitandani, kwa watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni. Ilipofika Ijumaa dhahabu ilikuwa imeshajulikana mpaka Makadara, na imeongezeka uzito. Harusi ilifanyika, na hakuna aliyeitaja sabuni, angalau si kwa sauti.

Lakini pesa zilikuwa zimerudishwa, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekaribia kuandama. Ndugu yangu alikuja na yule bwana wa vinyago.

Sikubishana. Nilikuwa sina cha kubishia. Yule bwana, mtu mpole, alibaki chini akipima ukuta kwa shubiri, na ndugu yangu akasema tumpandishe Mama akione chumba chake, ataona palivyo pazuri. Mama hakukataa. Hilo liliniumiza kuliko kama angekataa. Aliniomba nimpe buibui lake, ingawa alikuwa haendi nje, akashika kamba ya ukutani, akaanza kupanda. Mimi nilikuwa mbele, ndugu yangu nyuma yake na mikono imetandazwa kama anayesubiri kudaka mtungi.

Alipanda kwa kuketi. Hakuna neno jingine. Aliinua mguu, akauvuta wa pili, akaketi, akapumua. Ndugu yangu alikuwa hajawahi kuliona hilo. Tulipofika pale ngazi inapokata kona, penye giza, Mama alisema tumngojee. Nilisikia pumzi zake, na chini nilimsikia yule bwana akihesabu shubiri.

"Wewe kila siku waniamkua na pikipiki ikinguruma," mamangu alimwambia ndugu yangu. "Huku juu hutaweza kuipandisha. Basi utakuja lini na lini? Si lawama, mwanangu. Nauliza nipate kujizoesha."

Giza lile lilikuwa la kutosha nisimwone ndugu yangu uso. Alisema, "Tushuke, Mama," naye Mama akasema kushuka ndiko kugumu, na kweli kulikuwa kugumu. Alimbeba.

Alimlaza kitandani pale mlangoni, akamvua buibui, akalikunja vibaya. Kisha akamgeukia yule bwana wa vinyago, akamwambia amsamehe kwa kumsumbua, chumba kina mtu.

"Nani?"

"Kina biashara."

Yule bwana akatazama meza, na karatasi, na mimi. Akauliza biashara gani, akaambiwa ya kufunga zawadi. Hakuwa akikejeli, aliuliza kama mfanyabiashara amuulizavyo mwenzake.

"Na yalipa?"

Ndugu yangu ni mtu ambaye akikosea shilingi moja ya ushuru hali chakula. "Yalipa," alisema.

Aliponiaga nje aliniambia nisije nikadhani yeye hajui hesabu. Nikamwambia najua kwamba anajua. Akawasha pikipiki.

Mamangu alikaa mlangoni pale mpaka mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Duka halikulipa hata mwezi mmoja katika muda wote huo. Aliwarudisha wateja, aliwapa ushauri wa bure, aliwakalisha tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa kitu cha kufungwa dakika chache, na wengine walikuja bila zawadi yoyote, wakakaa kwenye kiti cha wateja wakamweleza mambo yao. Wakati ule nilikasirika sana. Ndugu yangu alileta karatasi kutoka Biashara Street kwa pesa zake, akisema kule huuzwa rahisi akinunua yeye.

Mtu akiniuliza leo kama duka la kufungia zawadi linaweza kumweka mtu mjini, namjibu kwamba linaweza. Wateja wanaingia, wanaweka kitu mezani, wanachagua rangi, wanalipa, wanatoka. Hakuna anayekaa. Mabegi nayafunga kwa nailoni angavu, vitu vinaonekana vyote, na kila mlisho nakataa kazi kwa wingi wake. Nimeajiri. Nimeondoa kitanda ili ipatikane meza ya pili, na siku nilipokiondoa sikuweza kufungua duka.

Mwaka wa kwanza baada ya Mama, nilimpa ndugu yangu hesabu azipitie, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jicho. Alikaa mezani akazipitia moja moja. Ilikuwa faida ya kweli, nzuri, zaidi ya kodi ya bwana wa vinyago. Alifika mwisho, akasema ziko sawa, kisha akalia.